Amon Nsekela: Mwalimu wa shule aliyekabidhiwa benki ya taifa akiwa na miaka 37

Mkulima wa kahawa wa Mbinga na mvuvi wa Lipingo wanaishi maisha tofauti. Mmoja yuko mlimani, analima kwa ngoro na kusubiri bei ya kahawa itangazwe. Mwingine yuko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, anasubiri usiku wa giza ili taa zake zivute usipa. Lakini siku wakitaka mkopo, mmoja wa mbolea na mwingine wa nyavu, wote wawili huulizwa swali lile lile mbele ya meza ya benki: una dhamana gani?

Kwa miaka kama 17 hivi, katika vipindi viwili tofauti, mtu aliyepaswa kulijibu swali hilo kwa niaba ya karibu nchi nzima alikuwa Amon James Nsekela. Hakuwa mfanyabiashara wala hakuwa amesomea ukeshia. Alikuwa mwalimu wa shule. Februari 1967 alipowekwa kuwa Mwenyekiti na Mkurugenzi Mkuu wa Benki ya Taifa ya Biashara, iliyojulikana zaidi kwa kifupi chake cha NBC, alikuwa ametimiza miaka 37 mwezi uliotangulia.

Nsekela alizaliwa Januari 4, 1930, katika kijiji cha Lupepo, wilayani Rungwe. Rungwe ya wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ya sasa. Kyela ilikuwa bado ndani yake, kwa hiyo wilaya ilishuka kutoka milimani hadi kwenye maji ya kaskazini ya ziwa lile lile ambalo upande wake wa mashariki wako watu wa Liuli, Lipingo na Mbamba Bay. Alianza shule Rungwe, akaenda Malangali, kisha Tabora, shule ya serikali ambayo ilikuwa ndiyo mlango wa vijana wa Kiafrika waliotazamiwa kushika kazi za ofisini. Kutoka Tabora alikwenda Makerere, Uganda, akarudi na stashahada ya ualimu.

Mwaka 1955 alikuwa anafundisha shule ya kati ya Rungwe. Mwaka 1957 alihamia shule ya sekondari ya Alliance, Dodoma, akakaa huko hadi 1959. Baadaye alipata nafasi ya kusoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Pacific kilichoko California, akapata shahada ya uzamili. Mwaka 1960 aliingia serikalini, akaanza kama bwana shauri.

Kuanzia hapo alipanda vyeo kwa kasi ambayo leo ingezua maneno. Mwaka 1963, akiwa na miaka 33, alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje na Ulinzi. Waziri wake alikuwa Oscar Kambona, aliyezaliwa mwaka 1928 ufukweni mwa Ziwa Nyasa, jirani na Mbamba Bay. Wizara iliyoshika jeshi na mabalozi wa nchi ilikuwa mikononi mwa vijana wawili wa ziwa moja, na mkubwa kati yao alikuwa na miaka 35. Mwaka 1964 Nsekela alihamishiwa Wizara ya Biashara, na mwaka 1966 akawa Katibu Mkuu wa Hazina.

Upo upande mmoja wa mambo hayo ambao husahaulika. Vijana wa kizazi kile hawakupanda haraka kwa sababu walikuwa wamemaliza kujifunza kazi. Walipanda kwa sababu viti vilikuwa vitupu. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na wasomi wa chuo kikuu wachache mno, na kila Mwingereza aliyefunga mizigo yake aliacha meza iliyotakiwa kukaliwa kesho yake asubuhi. Benki Kuu ilipofunguliwa Juni 14, 1966, gavana wake wa kwanza, Edwin Mtei, alikuwa na miaka 33. Amir Jamal, Waziri wa Fedha, aliyeonekana kama mzee kati yao, alikuwa anaelekea miaka 45.

Aliyepata cheo namna hiyo alikosa kitu kimoja ambacho karani mdogo wa benki ya London alikuwa nacho: mkubwa wa kumuuliza. Kijana wa Uingereza aliyeanza kazi ya benki alikaa dirishani, akapelekwa idara ya mikopo, akapelekwa idara ya fedha za kigeni, na kila alipokosea palikuwa na mtu wa kumsahihisha kabla hasara haijawa kubwa. Nsekela alianzia juu.

Benki kabla ya Nsekela

Benki ya kwanza katika nchi hii ilifunguliwa Dar es Salaam na Wajerumani mwaka 1905. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja Waingereza na benki zao. Hizo zilikuwa benki za bandarini na za reli. Kazi yake ilikuwa kumhudumia mwenye shamba la mkonge, kampuni ya kuagiza bidhaa na mfanyabiashara mkubwa wa mjini. Amana zilizobaki zilipelekwa London, ambako zilipata riba bila usumbufu.

Mkulima Mwafrika hakuwamo katika hesabu hiyo, na si kwa sababu ya umaskini peke yake. Tangu miaka ya 1920 palikuwa na sheria ya kuzuia Waafrika kukopeshwa. Mtu aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya mtawala wa serikali hakuweza kumdai mahakamani. Sheria hiyo ilielezwa kuwa ni ya kumlinda Mwafrika asinyonywe na wenye maduka. Matokeo yake ni kwamba hakuna benki iliyokuwa na haja ya kujifunza jinsi ya kumkopesha.

Katika Songea ya wakati huo, ambayo ndani yake mlikuwamo Mbinga yote na ufuko wa Nyasa, fedha iliingia kwa njia mbili. Kijana alikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, akarudi na akiba yake imefungwa kwenye kitambaa. Au mkulima aliuza mazao kwa ushirika. Chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku, na kahawa ya Umatengo, iliyoanza kupandwa miaka ya 1920, nayo ikaja kupita mikononi mwa ushirika. Ushirika ndio uliokuwa uso wa benki kwa mkulima. Mkulima hakuiona benki. Aliona sanduku la fedha likishushwa siku ya malipo.

Siku za Februari

Azimio la Arusha lilitangazwa Jumapili, Februari 5, 1967. Kesho yake, Jumatatu, Rais Julius Nyerere akatangaza kwamba benki za kigeni zimetaifishwa. Barclays, Standard, National and Grindlays, Ottoman, Bank of India, Bank of Baroda, Algemene ya Uholanzi na nyinginezo zikawa mali ya umma. Mwezi huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuunda NBC na kuikabidhi mali na madeni yote ya benki hizo. Serikali iliahidi kulipa fidia ya haki, na mazungumzo ya fidia hiyo yakachukua muda mrefu.

Kwa mwananchi wa kawaida lilikuwa tangazo la redioni. Kwa Nsekela lilikuwa jambo la funguo, vitabu na watu. Benki kubwa za Uingereza ziliwaita watumishi wao Waingereza warudi kwao. Hao ndio waliokuwa mameneja wa matawi, wakuu wa mikopo na watu wa fedha za kigeni. Waliobaki ni makarani, makeshia na wahasibu wa ngazi za chini na za kati, Waafrika na Wahindi, ambao wengi wao walijua kazi vizuri lakini hawakuwahi kuruhusiwa kutia saini ya mwisho. Watu hao wakaambiwa watie saini.

Hatari iliyokuwa mbele ni ile ambayo kila mwenye duka anaielewa. Benki haiweki fedha za wateja wote sandukuni. Sehemu kubwa imekopeshwa au imewekezwa mahali pengine. Ikiwa wateja wengi watakuja siku moja kutaka fedha zao, hata benki nzuri huanguka. Mwenye akiba alikuwa na sababu zote za kuogopa: wenye benki wamefukuzwa, mameneja wanaondoka, na mkuu mpya ni mwalimu wa zamani ambaye jina lake halijawahi kusikika katika biashara. Kama foleni ingeanza Dar es Salaam, ingefika Mwanza na Moshi kabla ya mwisho wa wiki.

Haikutokea. Matawi yaliendelea kufanya kazi, hundi ziliendelea kulipwa, mishahara ya mwisho wa mwezi ilitoka. Hilo ndilo tendo kubwa zaidi katika maisha ya Nsekela kama mtu wa benki, na halina picha wala sanamu, kwa sababu mafanikio yenyewe yalikuwa ni kwamba mteja asione tofauti. Sifa si yake peke yake. Benki Kuu ya Mtei ilikuwa nyuma yake, Hazina ilikuwa nyuma yake, na makarani wale walifanya kazi ya watu wawili wawili.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu zaidi na haikuonekana kabisa. Kila benki ilikuwa na vitabu vyake, fomu zake, namna yake ya kupiga riba na namna yake ya kuandika dhamana. Katika barabara moja ya mjini palikuwa na matawi matatu au manne yaliyogombania wateja wale wale, wakati wilaya nzima hazikuwa na hata moja. Vitabu hivyo vyote vilitakiwa kuwa kitabu kimoja. Matawi yaliyorudufiana yakaunganishwa, na polepole mapya yakaanza kufunguliwa mikoani na wilayani.

Kisha palikuwa na biashara ya nje. Anayeagiza matairi kutoka ng'ambo hatumi noti katika bahasha. Benki yake huandika barua ya kumhakikishia muuzaji kwamba akipakia mzigo atalipwa, na muuzaji huamini barua hiyo kwa sababu anaijua benki. Barclays ilijulikana kila bandari duniani. NBC ilikuwa na umri wa siku kadhaa. Ilibidi itafute benki za nje za kushirikiana nayo, moja baada ya nyingine, na kuzithibitishia kwamba sahihi yake ina thamani. Kahawa, pamba na mkonge navyo vilihitaji mlango huo huo wa kupokelea malipo.

Kabla mwaka haujaisha likaja jaribio jingine. Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya paundi kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Tanzania, Kenya na Uganda hazikufuata. Paundi iliyokuwa sawa na shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti kidogo. Aliyekuwa anaagiza vitu Uingereza alifurahi. Aliyekuwa amekwishauza mazao kwa bei ya paundi na hajalipwa alipoteza shilingi moja katika kila shilingi saba, bila kuuza hata gunia moja kwa bei mbaya. Kwa benki iliyoshika fedha za watu wote wawili, hiyo ilikuwa shule ya mwaka wa kwanza.

Mwaka 1970 benki ya ushirika, iliyokuwa imeachwa pembeni mwaka 1967, nayo iliunganishwa na NBC. Tangu hapo, mkopo wa kununua mazao ya mkulima, awe wa Kagera au wa Umatengo, ulitoka katika nyumba moja. Mwaka 1971 ilianzishwa benki ya maendeleo vijijini, ambayo baadaye ikawa CRDB, kwa ajili ya mikopo ya muda mrefu ya zana na pembejeo. Lakini fedha ya kununua mazao ilibaki NBC.

Deni la msimu

Inafaa kueleza jinsi mkopo huo ulivyofanya kazi, maana ndiko maisha ya Nsekela na ya mkulima yanakokutana.

Chukua mfano wa hesabu nyepesi. Mwezi Julai ushirika unakopa benki shilingi 100 kununua kilo ya kahawa. Riba ni asilimia 12 kwa mwaka, yaani shilingi moja kwa mwezi. Kahawa ikikobolewa, ikasafirishwa na kuuzwa mnadani Moshi katika miezi mitatu, riba ni shilingi tatu. Ushirika unalipa benki 103, unatoa gharama zake, na kinachobaki kinarudi kwa mkulima kama malipo ya pili. Kahawa hiyo hiyo ikikaa ghalani miezi kumi kwa kukosa lori, riba imekula shilingi kumi, na malipo ya pili hayapo. Mkulima anaambiwa bei ya dunia imeshuka. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine bei haikushuka. Ni lori lililoharibika.

Na ikiwa karani wa ushirika amelipa mishahara kwa fedha ya kununulia kahawa, basi benki hailipwi kabisa, na msimu unaofuata unaanza na deni la msimu uliopita. Benki ya kibiashara ya kawaida ingekataa kukopesha tena. NBC haikuweza kukataa kirahisi. Ikikataa, mazao yataozea vijijini na mkulima hatalipwa kitu, na benki hiyo ilianzishwa kwa jina la mkulima huyo. Huo ndio mtego ambao hakuna shule ya benki, ya London wala ya California, iliyokuwa na somo lake.

Nsekela alikuwa na mzigo mwingine ambao mabenka wa nchi nyingine hawakuwa nao. Azimio la Arusha lilikuwa na Miiko ya Uongozi. Kiongozi wa serikali au wa shirika la umma hakuruhusiwa kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili wala kupangisha nyumba. Mtu aliyeidhinisha mikopo ya nchi nzima hakuruhusiwa kumiliki hisa moja. Kwa mabenka vijana wa London na New York, wa wakati ule na wa sasa, cheo cha mapema maana yake ni utajiri wa mapema. Kwake maana yake ilikuwa mshahara wa shirika la umma na kazi isiyo na mwisho.

Katika miaka hiyo alikuwa pia mwandishi. Kitabu chake cha Minara ya Historia ya Tanganyika, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1965, kilirudiwa kuchapwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1973 alitoa kingine kuhusu demokrasia ya Tanzania. Alikuwa mbunge kuanzia 1973 hadi 1975, na kabla ya hapo aliwahi kukaa katika bunge la Afrika Mashariki. Mwalimu hakuacha ualimu, alibadili darasa tu.

Mwaka 1974 alitumwa London kuwa Balozi wa Tanzania Uingereza, akakaa huko hadi 1981. Ni miaka ya vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika na ya mazungumzo ya uhuru wa Zimbabwe yaliyofanyika London mwaka 1979. Mwaka 1981 alihariri kitabu kuhusu ukombozi wa kiuchumi wa nchi za kusini mwa Afrika. Lakini mambo yaliyokuja kumgusa zaidi yalikuwa yanatokea nyumbani, akiwa hayupo.

Alichokikuta aliporudi

Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa. Kazi yao ikachukuliwa na mamlaka za mazao: kahawa ikawa na mamlaka yake, pamba na tumbaku vivyo hivyo. Nafaka ilikuwa mikononi mwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Mamlaka hizo zilikopa NBC kama ushirika ulivyokopa, ila zilikuwa za Serikali, na meneja wa benki wa mkoa angepata wapi ubavu wa kuinyima Serikali?

Kwa mkulima wa Ruvuma hadithi hii ina pande mbili, na haifai kusimuliwa upande mmoja. Tangu katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Gunia la Songea lilinunuliwa kwa bei ile ile ya gunia lililo karibu na Dar es Salaam, ingawa kulisafirisha kulikula fedha nyingi. Kwa bei hiyo, pamoja na mbolea ya ruzuku, Ruvuma, Mbeya, Iringa na Rukwa zikawa ghala la taifa. Watu walijenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Lakini tofauti kati ya gharama halisi na bei ya kuuzia ilikuwa inaandikwa mahali fulani, na mahali hapo palikuwa daftari la NBC, chini ya jina la NMC. Mkulima wa kusini aliyelipwa vizuri miaka ile alilipwa kwa sehemu na deni ambalo halikulipwa.

Nsekela alirudishwa kwenye kiti chake mwaka 1981. Alikuwa na miaka 51. Safari hii hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuijua kazi. Lakini benki aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha za kigeni, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, maduka yalikuwa matupu, na wateja wakubwa wa mikopo walikuwa mashirika yasiyolipa. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini vyama vipya vilianza kazi bila mtaji. Majengo yalirudi na majina yalirudi, fedha haikurudi. Vikaja benki kuomba.

Vijana wa mwaka 1967 walikuwa wamekubali cheo kikubwa wakiamini kwamba benki ya umma itatoa mkopo kwa hesabu na kwa huruma pamoja. Miaka ya 1980 ilionyesha kwamba huruma ikiagizwa kutoka juu, hesabu hunyamaza. Mkuu wa benki angeweza kupinga ndani ya vikao, na angeweza kuandika ripoti. Kusimamisha fedha ya kununua mazao ya nchi nzima katikati ya msimu lilikuwa jambo jingine. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Lawama hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama mwenye kulaumu angeeleza nani angenunua mahindi ya Songea mwaka ule.

Katikati ya hayo Serikali ilimpa kazi nyingine. Mwaka 1985 na 1986 aliongoza tume ya kupitia mishahara ya watumishi wa umma, ambayo wafanyakazi wa zamani bado wanaiita Tume ya Nsekela. Juni 1986, katika makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ilishushwa hadi 40 kwa dola moja. Hadi Nsekela anaondoka NBC mwaka 1991 dola ilikuwa imepita shilingi 200. Mwenye akiba benki tangu mwaka 1985 bila kuigusa alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya nguvu ya fedha yake ya kununua kitu chochote kitokacho nje, ingawa tarakimu kwenye kitabu chake zilikuwa zimeongezeka.

Mwaka 1988 iliundwa tume ya Rais kuchunguza mfumo wa fedha na mabenki, chini ya Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu tangu 1974 hadi 1989. Taarifa yake ikafuatwa na sheria ya mwaka 1991 iliyofungua milango kwa benki binafsi. Mwaka huo huo ndio Nsekela alioondoka NBC, na mwaka huo huo Azimio la Zanzibar likalegeza Miiko ya Uongozi. Kiongozi sasa angeweza kununua hisa.

Mikopo mibovu ya NBC ilikabidhiwa chombo maalumu kilichoundwa mwaka 1991 kwa kazi ya kukusanya madeni, na wadaiwa wake wakubwa walikuwa mashirika ya umma na vyama vya ushirika. Mbinga nako chama kikuu cha ushirika, MBICU, kilianguka katika miaka ya 1990 baada ya wanunuzi binafsi wa kahawa kuruhusiwa, na wakulima waliokuwa wamezoea kupata mbolea kwa mkopo wa ushirika wakajikuta wanatakiwa kulipa taslimu.

Benki yenyewe iligawanywa mwaka 1997. Matawi mengi ya wilayani yalikwenda NMB, ambayo Serikali iliuza asilimia 49 ya hisa zake mwaka 2005 kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, benki iliyotokana na vyama vya ushirika vya wakulima. Jina la NBC lilibaki na sehemu iliyohudumia zaidi wafanyabiashara, na mwaka 2000 asilimia 55 yake iliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Miaka mitano baadaye Barclays ya London ilinunua hisa nyingi za ABSA. Benki ambayo mameneja wake walifungasha mizigo Februari 1967, wakamwachia Nsekela funguo, ikawa imerudi katika matawi yale kwa mlango wa Johannesburg.